"Nimeelewa": Neno la Kweli au la Adabu?



Liko neno moja ambalo sote tumelisema mara nyingi mno: "Nimeelewa." Twalisema shuleni, twalisema mbele ya mganga anapotueleza namna ya kumeza dawa, twalisema katika mafundisho ya kipaimara. Na mara nyingi twalisema kwa ajili ya adabu. Mwalimu ni mtu mzima, amejichosha kueleza, na kumjibu "Bado, mwalimu" huonekana kama kumvunjia heshima mbele za watu. Basi swali langu ni hili: mtu atajuaje ya kuwa ameelewa kweli, wala si kwamba amekariri? Nitalitafuta jibu mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani katika michezo ya ubao.

Tuanze na sataranji, ambayo vijana huiita chesi. Mchezo huu una vitabu vingi sana vya kufundishia. Kijana mwenye bidii aweza kukariri hatua kumi na tano za mwanzo wa mchezo, kama mtoto akaririvyo majibu ya katekisimu. Kisha mwenzake anacheza hatua isiyokuwamo kitabuni, pengine hatua mbovu kabisa, na kijana wetu anakaa akiutazama ubao kama mtu aliyeshushwa na basi usiku mahali asipopajua. Alijua la kufanya, lakini hakujua kwa nini lilifanywa.

Nitoe mfano mmoja, na asiyecheza anivumilie kidogo. Mwisho wa mchezo mara nyingi hubaki mfalme na askari mmoja upande huu, na mfalme peke yake upande ule. Mwenye askari hutaka kumfikisha mwisho wa ubao ili ageuke kuwa malkia. Wanafunzi hufundishwa ya kwamba mfalme atangulie mbele ya askari wake, asimfuate nyuma. Ni kanuni nzuri. Lakini msogeze askari huyo mpaka mstari wa ukingoni kabisa mwa ubao, na kanuni yaweza kukuangusha: mfalme wa adui akiwahi kuishika ile pembe, mchezo ni sare, hata ukitangulia namna gani. Kwa nini? Kwa maana katikati ya ubao adui akisogea upande mmoja wewe humzunguka kwa upande wa pili. Ukingoni hakuna upande wa pili wa kupita. Naye akibanwa pale pembeni akakosa pa kwenda, hali hajashambuliwa, sheria yahesabu kuwa sare.

Aliyekariri kanuni ataitumia katikati na ukingoni vilevile. Aliyeelewa sababu yake ajua pia inapokoma. Naona hapa ndipo penye kipimo tunachokitafuta. Usimwulize mtu alichojifunza. Badilisha jambo kidogo, sogeza askari mstari mmoja, kisha mwulize kama jibu limebaki lilelile au limegeuka, na kwa nini.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mholanzi Adriaan de Groot aliandika mwaka 1946 juu ya namna mabingwa wa sataranji wanavyofikiri, na mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliendelea na kazi hiyo. Waliwaonyesha watu ubao wenye mchezo wa kweli kwa muda wa kama sekunde tano, kisha wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliupanga kwa sehemu kubwa; anayeanza alikumbuka vipande vichache tu. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo ovyo, bila maana yoyote ya mchezo, bingwa akawa karibu sawa na yule anayeanza. Kumbe bingwa hakuwa na kichwa kikubwa cha kuhifadhi. Alikumbuka kwa sababu aliona maana, na maana ilipoondolewa, kumbukumbu nayo ikaondoka.

Kwa hiyo sisemi kwamba kukariri ni kosa. Jedwali la kuzidisha halina njia nyingine. Nasema tu kwamba kukariri bila maana ni mzigo ambao hauchukuliki mbali.

Bao letu halina vitabu vya namna ile. Kete 64, mashimo 32, kila mchezaji na safu zake mbili. Mwanzo una kete kumi ubaoni, nyingine 22 u nazo mkononi za kunamua, na hatua moja yaweza kuzunguka hata ubao mzima ukageuka sura. Watu wamejifunza kwa kuketi kando ya wanaojua, kwa kutazama, kubishana na kufungwa. Watazamaji wa bao hawajui kunyamaza, na labda hiyo ndiyo shule yenyewe: ukicheza vibaya utaambiwa papo hapo, wala hutapata nafasi ya kusema "nimeelewa" kwa adabu.

Kule Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto wa mtaa huo sataranji na kuwapa uji. Phiona Mutesi alipofika, aliyemwonyesha vipande vinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012 Phiona alipata daraja katika mashindano ya mataifa kule Istanbul. Nadhani mtoto yule mwalimu alifaidika pia, kwa sababu mtu akianza kumweleza mwenzake ndipo ayaonapo matundu katika maarifa yake mwenyewe.

Mtasema hii ni michezo tu. Basi inueni macho mtazame milima yetu ya Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kanuni ilitoka vitabuni, na penginepo duniani ilikuwa imefaa. Lakini katika sehemu nyingi za milima hii udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kuliufukia udongo ule mzuri na kuupandisha juu ule usiozaa. Wenye mashamba waliona mazao yao. Wenye vitabu waliona matuta yamekamilika. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Askari alikuwa amesogezwa mstari mmoja, wala mwenye kanuni hakutambua.

Na tujiulize, ni mara ngapi bwana shamba aliuliza, "Mmeelewa?" na watu wakaitikia, "Ndiyo, bwana"? Hapo adabu iliwagharimu pande zote mbili. Yeye hakupata kuambiwa juu ya udongo, nao hawakupata kumwuliza sababu. Filipo alipompata yule mtu wa Kushi garini akisoma, alimwuliza kama ayasomayo yamemwelea, na yule bwana mkubwa, mwenye cheo kwa malkia wake, alikiri waziwazi kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Hakujishushia heshima.

Limebaki jambo moja ambalo silimalizi. Wako wazee wanaocheza bao vizuri mno, nawe ukimwuliza mmojawapo kwa nini amekula kwa kimbi hiki wala si kile, atakujibu, "Nimeona tu." Badilisha ubao utakavyo, ataona tena, na atakufunga. Maneno hana. Mimi nasema mzee huyo ameelewa. Katekista mmoja rafiki yangu asema la, asiyeweza kumfundisha mjukuu wake hajaelewa bado, ana mazoea tu. Tumebishana tangu Kwaresima.