Riziki na Jembe

Ndugu zetu, wako wasemao watu wamezidi na ardhi haitoshi. Wengine hujibu kuwa riziki i kwa Mwenyezi Mungu, kisha wakarejea barazani. Natutazame Machakos, iliko Ekalakala, nchi ya mvua haba. Miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu kama 240,000, na wakoloni waliihesabu kuwa imekwisha kwa mmomonyoko. Kufikia 1989 walikuwa kama 1,400,000, na mazao kwa kila mtu yameongezeka! Wakamba, na wanawake zaidi, walichimba matuta kwa majembe katika vikundi vya mwethya. Ndiyo yale ya bedui na ngamia wake: kamba kwanza, kisha kutawakali. Nasi ambao minazi yetu imemezwa na magugu, twahesabu watoto wa jirani?