MAJINA YA KALE YA BINTI ZETU

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, yako majina ya wanawake ambayo leo hayaitwi ila wazee. Mwanatumu, Mwanamkuu, Mwanakombo na Mwanaarafa yanakwenda kaburini pamoja na wenyewe. Na Nusayba, Barira na Rufayda ni majina ya vitabuni tu, hayasikiki uani. Azaliwapo binti, na jina la nyanya yake likatajwa, watu hucheka: hilo ni la kishamba, hilo limekwisha wakati wake, au husemwa lile neno baya kuliko yote, kwamba hilo ni jina la kitumwa. Kisha huokotwa jina katika mchezo wa televisheni, wala baba hajui maana yake, wala mama hajui lilikotoka.

Twataka kulipima jambo hili kwa mizani ya sheria, si kwa mizani ya barazani.

Jina ni haki ya mtoto juu ya wazazi wake. Sunna ni kupewa jina siku ya saba pamoja na akika na kunyolewa nywele, na yafaa pia siku ile azaliwayo, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfanyia mwanawe Ibrahim. Haki hii binti anayo kama aliyonayo ndugu yake wa kiume. Katika Surat Ali Imran, aya ya 36, Mwenyezi Mungu atusimulia habari ya mke wa Imran, aliyekuwa amemuwekea Mola wake nadhiri ya kile kilichomo tumboni. Alipojifungua mtoto wa kike, yeye mwenyewe alimpa jina la Maryam, akamuombea yeye na kizazi chake kinga ya Mungu na Shetani. Basi jina lilikwenda pamoja na dua.

Na Mtume (S.A.W.) alipoyabadili majina ya wanawake, aliangalia nini? Aliangalia maana. Binti mmoja wa Sayyidna Umar aliitwa Asiya kwa herufi ya ain, maana yake mwenye kuasi, na Mtume akamwita Jamila. Hapa yatupasa tuangalie vizuri, kwani ulimi wetu wa Kiswahili hautofautishi ain na alif. Asiya mke wa Firauni, yule mwanamke mwema, jina lake si lile. Mwenye binti aitwaye kwa jina la huyo asihangaike, ni jina tukufu. Tena Bibi Zaynab binti Jahsh na Bibi Juwayriya wote wawili waliitwa Barra, maana yake mwema, naye Mtume akayabadili, kwa kuchukia mtu ajitakase nafsi yake kwa jina. Ikiwa jina lina maana njema wala halina majivuno, uzee wake si aibu.

Ama wale wasemao kwamba jina fulani ni la kitumwa, twawauliza: Barira alikuwa nani? Alikuwa mjakazi, akanunuliwa na Bibi Aisha akaachwa huru. Alipopewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye, Mtume mwenyewe alimuombea yule mume. Barira akauliza: je, hii ni amri? Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akasema kwamba hana haja naye, na Mtume hakumlazimisha. Na Sumayya, mama yake Ammar, alikuwa nani? Naye alikuwa mjakazi, na ndiye shahidi wa kwanza katika Uislamu, aliyeuawa na Abu Jahl kwa kuwa hakutaka kuitupa dini yake. Utumwa uliondolewa kisheria katika pwani yetu hii mwaka 1907, lakini katika ndimi za baadhi yetu ungalipo. Mwenye kulikimbia jina la bibi yake kwa kuogopa kuambiwa kuwa ni wa ukoo wa watumwa, amekikimbia kitu ambacho mbele ya Mwenyezi Mungu hakina uzito. Na mwenye kumcheka mwenziwe kwa hilo ndiye apasiwaye kutubu.

Yako na madhara mengine makubwa zaidi. Mtoto akipata homa, hupelekwa kwa mpiga falaki, akahesabu herufi za jina lake na la mamake, akasema: jina hili ni zito, nyota yake hailikubali, mbadilishieni. Basi siku mbili hupita kwa kutafuta jina na ubani, na mtoto yuazidi kuungua. Malaria haiulizi mtu jina lake. Mtume aliyabadili majina kwa ubaya wa maana, si kwa hesabu ya nyota, na alituamrisha kutafuta dawa. Mpelekeni mtoto hospitali, na jina lake mliwache kama lilivyo.

Sasa tuseme yale yafaayo kuhuishwa. Nusayba binti Kaab alisimama siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akamkinga Mtume kwa upanga hata akajeruhiwa. Rufayda alikuwa na hema katika msikiti wa Madina, akiwauguza waliojeruhiwa vitani. Rumaysa, mamake Anas bin Malik, alipoposwa na Abu Talha hakutaka mahari ila asilimu. Shifa binti Abdillah alimfundisha Bibi Hafsa kuandika. Na sisi pwani hii tulikuwa na watu waliowanyima binti zetu kalamu kwa jina la dini!

Wala sheria haikulazimisha jina liwe la Kiarabu. Mwana, katika majina ya mama zetu, ni neno la heshima, kama kusema bibi. Mwanajuma alizaliwa Ijumaa, na Mwanaarafa siku ya Arafa, na hizo ni siku tukufu. Na Mwana Kupona binti Mshamu ndiye aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, ambao wasomwa hata leo. Majina haya hayana kosa lolote isipokuwa tumeyaonea haya.

Basi, ndugu yetu ujaaliwaye binti, kabla ya siku ya saba uliza maana ya jina, kwa mwenye kujua. Kisha mhifadhie habari ya mwenye jina, umsimulie atakapofahamu. Kisha msomeshe. Kwani mwenye kumwita bintiye Shifa, halafu akamtoa chuoni na skuli, amelichukua jina na kuliacha lile lililolipa jina hilo utukufu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awalinde binti zetu na vizazi vyao, na awarehemu mama zetu waliotangulia, wale ambao majina yao yangali yatajwa na wale ambao yao yamesahauliwa. Amin.