Bandari Isiyo na Maji

Muda mrefu kabla ya Athene kuvuma, kisiwa cha Krete kilitajirika kwa kuwa njiani: meli za shaba zilitia nanga, zikangoja upepo, wenyeji wakauza.

Tunduma haina bahari. Ina barabara ya kwenda Zambia, na mpaka waliokubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890. Upepo wetu ni muhuri wa forodha. Dereva mwenye shaba ya Kongo akikwama siku tatu, mama lishe anauza siku tatu.

Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zikapata kituo cha pamoja, malori yapite upesi. Sawa kabisa, dereva naye ana watoto. Ila mama lishe anayeomba foleni irefuke, anamdhulumu nani? Hajamzuia mtu. Sare ya mwanawe imo humo humo kwenye foleni.