Wazo la Leo: Jumatatu ya Mmishonari

Vijana wawili wa shati jeupe na tai, kibao cheusi cha jina kifuani, wanaobisha hodi mtaani kwako hawalipwi mshahara. Wamishonari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tumezoea kuwaita Wamormoni, hutumia akiba zao na msaada wa familia. Wavulana hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18. Hawachagui kituo, wala mwenzi wa kuishi na kutembea naye kutwa.

Wiki nzima ni kufundisha na kuhudumu. Kisha inafika siku ya matayarisho, mara nyingi Jumatatu: kufua, kwenda sokoni, kunyoa nywele, kuwaandikia wa nyumbani. Zamani kumpigia mama simu kuliruhusiwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu Februari 2019 wanaweza kuzungumza na familia kila wiki, hata kwa video.

Wapo watakaosema simu huamsha unyonge. Mimi naona ruhusa ile ilichelewa. Kijana wa miaka 18 anayefungiwa milango siku nzima katika lugha anayojifunza anahitaji kusikia mdogo wake akicheka, na mzazi anahitaji kuuona uso wa mwanawe ajue kama anakula. Imani yake haipungui kwa hilo. Jioni hiyohiyo anafunga tai na kurudi kazini.