MLANGO WA FORODHA NA MLANGO WA NYUMBA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu watu wa pwani, nyinyi mlio Mombasa, Malindi na Lamu, na nyinyi ambao riziki imewapandisha bara mkawa wakaazi wa Thika na Ruiru, maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulizungumza barazani na wachache hulipima. Hizi senema, nyimbo na tamthilia zitokazo nchi za kigeni, je, yaipasa serikali kuzizuia kwa sheria za biashara kama izuiavyo bidhaa nyingine? Na ikiwa yaipasa, je, hilo litatutosha?

Tutazame kwanza mji wa Thika wenyewe. Mwaka 1959 mwandishi wa Kiingereza, Elspeth Huxley, alitoa kitabu juu ya utoto wake katika mashamba ya walowezi, akakiita The Flame Trees of Thika. Na mwaka 1981 kitabu hicho kikafanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza. Watu wengi wa ng'ambo waliolijua jina la Thika walilijua kwa njia hiyo, yaani kwa macho ya mtoto wa mlowezi. Hatusemi kwamba mwandishi huyo alikosa kusimulia aliyoyaona. Kila mtu ana haki ya kusimulia yake. Twasema hivi: asiyesimulia khabari zake husimuliwa na wengine, kisha akauziwa masimulizi hayo kwa fedha zake mwenyewe.

Wako wasemao kwamba biashara iachwe wazi, na kila mtu achague apendacho. Na kwamba kuiwekea mipaka ni jambo lisilo na asili katika dini yetu. Maneno hayo si kweli. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina akatia mkono wake katika lundo la chakula, akakuta chini yake umaji uliofichwa, akamkemea muuzaji. Soko, basi, lina msimamizi. Na Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipopata khabari kuwa wafanyabiashara wa Kiislamu hutozwa ushuru wa sehemu ya kumi katika nchi za wengine, aliamrisha wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe kadiri hiyo hiyo. Tena imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba ngano na mafuta yaletwayo Madina aliyatoza nusu ya sehemu hiyo, ili yaletwe kwa wingi, na nafaka za namna ya dengu akazitoza sehemu ya kumi kamili. Tazameni hekima hiyo: hakufunga mlango, wala hakuuacha wazi bila ya bawabu, alipima kila kitu kwa haja ya watu wake.

Wala si sisi peke yetu tuliyoliona jambo hili. Mwaka 1947, mataifa yalipoandika mapatano makubwa ya biashara na ushuru, senema ilitengewa kifungu chake, kikaruhusu kila nchi kuweka sehemu ya muda wa kumbi zake kwa filamu za nchi hiyo. Kwani walijua kuwa filamu si gunia la unga, nayo huingia katika akili za watu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1994, na tangu mwaka 1996 redio zake zikalazimishwa kupiga angalau asilimia 40 ya nyimbo kwa lugha ya Kifaransa. Na mwaka 2005 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda namna mbalimbali za utamaduni: nchi 148 ziliukubali, nne zikajizuia, na mbili tu, Marekani na Israel, zikaukataa. Kenya iliuthibitisha mkataba huo mwaka 2007.

Lakini ndugu zangu, kinga ya biashara ina bei yake, nayo hulipwa na mnyonge kwanza. Korea ya Kusini ilikuwa ikizilazimisha kumbi zake kuonyesha filamu za nchi hiyo siku 146 kila mwaka. Mwaka 2006, ilipotaka mapatano ya biashara na Marekani, siku hizo zikapunguzwa hadi 73. Na watu wa Thika wanayo mfano ulio karibu zaidi. Mji wao ulijengwa kwa viwanda, na miongoni mwake vya nguo. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba iliingia nchini kwa wingi, na viwanda vingi vya nguo vya Kenya vikafungwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuikomesha mitumba kidogo kidogo. Mwaka uliofuata Marekani ikaanza kuzichunguza, kama zafaa kuendelea kuuza bidhaa kwake bila ya ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia azimio lake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Ikiwa nguo kuukuu zimetetewa namna hiyo, mwadhani senema na nyimbo, zenye faida kubwa kuliko hizo, zitaachwa bila ya mtetezi?

Basi tuitazame kinga yetu ilivyo. Katiba ya mwaka 2010 yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kanuni za utangazaji za mwaka 2016 zilivitaka vituo viweke asilimia 40 ya vipindi vya nchini. Haya ni mambo mema, na anayeyadharau hakutenda haki. Lakini yana pengo tatu.

Pengo la kwanza: kanuni yahesabu saa, haihesabu maana. Upuuzi uliotengenezwa Nairobi huhesabiwa sawasawa na mafunzo yaliyotengenezwa Nairobi. Na mchezo wa kumtukana mzazi hauwi mila yetu kwa kuwa aliyeucheza ni mwenzetu.

Pengo la pili: neno taifa ni pana, na mchache aweza kupotea ndani yake. Asilimia 40 yaweza kutimizwa yote pasi na kusikika hata mara moja Kiswahili safi cha Mombasa au cha Lamu, wala shairi, wala kisa cha wanavyuoni wetu. Mtoto wa Kipwani aliyezaliwa Ruiru asipoisikia lugha ya bibi yake katika televisheni ya kigeni wala katika televisheni ya nchi yake, kwake yeye hizo mbili zina tofauti gani?

Pengo la tatu ndilo kubwa. Ushuru wa forodha hushika kitu kipitacho bandarini. Filamu ilipokuwa mikanda ndani ya sanduku, bawabu aliiona. Sasa hupita hewani, ikaingia katika simu ya mtoto aliye kitandani. Tangu mwaka 1998 nchi za Shirika la Biashara la Dunia zilikubaliana zisitoze ushuru wa forodha juu ya vitu vipitavyo kwa umeme namna hiyo, na makubaliano hayo yakaongezwa muda mara nyingi. Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, bodi yetu ya filamu ilipiga kelele, na Netflix ikabaki. Mwaka 2021 serikali iliweka kodi ya asilimia 1.5 juu ya biashara za mtandaoni, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikaibadilisha kwa nyingine. Kodi hiyo huingiza fedha katika hazina. Haimtoi mtoto mbele ya kioo.

Wako nao wasemao kinyume cha wale wa kwanza: kila cha mgeni kitupwe. Hawa nao hawakutazama historia yao. Kama kila cha mgeni ni uchafu, tungebaki na nini sisi watu wa bandari? Taarabu yetu ina athari ya Misri, na waimbaji wa Mombasa walichukua sauti za senema za Kihindi wakazitilia maneno ya Kiswahili. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Hujurat kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Na hapana kujuana bila ya kupokeana. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atoke. Tofauti ni kuwa wao walipopokea walikuwa na chao, wakakichanganya. Sisi twapokea mikono mitupu. Na mwacha asili ni mtumwa.

Kwa hivyo twashauri mambo matatu. La kwanza, serikali iitapo wananchi watoe maoni yao juu ya mswada wa utangazaji au mapatano ya biashara, tusikae nyuma tukalaumu baadaye. Twende, tuseme kwa adabu na kwa hoja, tuombe khasa kwamba katika hizo saa za vipindi vya nchini iwekwe sehemu ya lugha na elimu ya pwani. La pili, kila mzazi awe bawabu wa nyumba yake. Mtu hawezi kuidai serikali izuie Mombasa kile ambacho yeye amekilipia Thika kila mwezi. La tatu, nalo ndilo gumu, tutengeneze vyetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoona katika miaka ya 1930 kuwa vijana wa Mombasa waiga Ulaya bila ya kupima, hakutosheka na kunung'unika; alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akawapa watu cha kusoma kwa lugha waijuayo. Kijana wa leo mwenye simu ana chombo ambacho Sheikh hakuwa nacho. Na akae na bibi yake amsimulie, aandike, arekodi, ampelekee mwenziwe wa Ruiru. Kumkataza mtoto kitu bila ya kumpa badali yake ni kumfukuza nyumbani akale kwa jirani.

Sheria ni ua, enyi ndugu. Ua hulinda shamba lililolimwa. Ukizungushwa pahala pasipolimwa, hulinda magugu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe busara ya kupokea chema na nguvu ya kukataa kiovu, awahifadhi watoto wetu wa pwani na wa bara, na atujaalie tuwaachie urithi wasiouonea haya. Amin.