Jee, Kusomea Biashara ya Mataifa ni Elimu au ni Dunia?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Wabaad.

Imetufikia barua kutoka Nairobi, ya kijana wa kwetu ambaye mchana hufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo kwenye bandari kavu ya Embakasi, na usiku hulala Tena, katika mitaa ya mashariki ya mji ule, yeye na wenzake wawili chumba kimoja. Amekubaliwa chuo kikuu asomee shahada ya uzamili katika uchumi wa kimataifa na sera za biashara. Auliza mambo mawili. La kwanza, mzee mmoja msikitini amemwambia kuwa elimu hiyo ni dunia tupu, vitabu vyake vimejaa riba, na mwenye kuisoma aupoteza umri wake. La pili, karo hana. Benki imekubali kumkopesha kwa riba, na mama yake alipopata khabari alivua bangili zake za dhahabu akasema ziuzwe.

Tuanze na neno la mzee. Hatumlaumu, kwani amesema kwa wivu wa dini yake, na wengi wetu tumelelewa tukisikia maneno hayo hayo. Lakini Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliyapinga tangu zama zake. Katika kitabu chake cha Ihya ameitia hesabu na utabibu katika elimu za fardhi kifaya, yaani zile ambazo wakizisimamia baadhi ya watu dhambi huwaondokea wote, na wasipozisimamia wote huingia katika dhambi. Akawalaumu wanafunzi wa wakati wake waliosongamana katika mabishano ya fikihi hali miji yao haina tabibu Muislamu hata mmoja. Basi ikiwa tabibu ni fardhi kwa sababu watu huugua, jee, mji ulao kwa biashara na usiokuwa na mtu wa kuzisoma sheria za biashara ya dunia, hukumu yake ni ipi?

Ati jambo hili ni la Wazungu! Neno letu lenyewe, ushuru, asili yake ni sehemu ya kumi. Abu Yusuf, katika kitabu alichomwandikia Harun al-Rashid juu ya kodi, asimulia kuwa Abu Musa al-Ash‘ari r.a. alimpelekea Sayyidna Umar r.a. khabari kwamba wafanya biashara wa Kiislamu wakiingia nchi za watu hutozwa sehemu ya kumi. Umar akamwamrisha naye awatoze wa kwao kama wanavyowatoza wetu. Na Imamu Malik katika Muwatta apokea kwamba Umar akiwapunguzia Wanabati ushuru hata nusu ya sehemu ya kumi katika ngano na mafuta, ili shehena hizo zije Madina kwa wingi, na katika kunde na mfano wake akitoza sehemu ya kumi kamili. Hayo ndiyo yanayosomwa leo kwa majina mapya: kulipiza ushuru kwa ushuru, na kukishusha kwa chakula ambacho mji wakihitaji.

Nasi mas-ala hayo tunayo jikoni. Mchele tununuao kwa pilau, mwingi wake watoka Pakistan. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuwekea mchele wa nje ushuru wa 75 katika mia, na Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza 35. Tofauti hiyo yamfaa mlaji wa Mombasa na Lamu, na huenda ikamdhuru mkulima wa Mwea. Haki iko wapi baina yao? Hili ni suala la uadilifu kabla ya kuwa suala la hesabu, lakini asiyejua hesabu hawezi hata kuliuliza.

Tazameni na khabari ya mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ziliazimia kuiondoa kidogo kidogo ili viwanda vyao vya nguo vipate kusimama. Wauzaji wa Marekani wakashitaki kwa serikali yao, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia neno lake ikaondolewa mwaka 2018 katika msamaha wa ushuru kwa nguo zake ziingiazo Marekani. Wauza mitumba wa Gikomba na Kongowea walikuwa wakijadiliwa mbali nao, kwa lugha wasiyoijua. Na mwaka 2015, mwezi wa Disemba, Shirika la Biashara Duniani lilikutana Nairobi, mkutano wake mkuu wa kwanza katika Afrika, na mwenyekiti wake alikuwa Muislamu, Bi Amina Mohamed, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya. Hapo ndipo nchi tajiri zilipokubali kuacha kuwalipa wakulima wao fedha za kusukuma mazao nje. Sikumbuki kuwa hutuba moja ya Ijumaa katika miji yetu ililitaja jambo hilo. Yangu haikulitaja.

Sisemi haya kwa kujitakasa. Mlango wa uuzaji nimeusoma kwa masheikh wangu, na masharti yake nayajua kwa moyo. Siku moja akaja mfanya biashara mmoja na karatasi za kontena lake, akaniuliza kama alivyotozwa ni haki au ni dhuluma. Nikazipindua karatasi zile juu na chini, kisha nikamwambia asubiri, Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Neno la kweli, lakini nililitumia kuficha ujinga wangu.

Na zilipohamishwa shehena za bandari yetu kupelekwa bara kwa treni, mwaka 2019, watu wa Mombasa walitoka barabarani wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini serikali ya kaunti ilipotaka hesabu ya hasara iliwaendea wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mji uliofanya biashara na Hindi na Arabuni karne nyingi wakati huo ulikwenda kuhesabiwa hasara yake na wengine.

Ama kuwa vitabu hivyo vina riba, kuisoma riba siko kuila. Hudhaifa bin al-Yaman r.a. alikuwa akimuuliza Mtume s.a.w. khabari za shari kwa kuogopa isije ikampata. Linalotutia khofu ni jengine: mtu asome mpaka riba isimchukize tena. Kwa hiyo kijana huyu asiiache darsa yake ya fikihi ya biashara, na akitaka kujua nia yake, ajiulize kama angeisoma elimu hii lau kuwa haitoi cheti cha kutundika ukutani.

Sasa mkopo. Hatuwezi kuuhalalisha. Shahada si maji ya kunywa jangwani, na jina la dharura limekwisha kuchakaa kwa kutumiwa ovyo. Lakini kumwambia mtu “haramu” kisha tukaenda zetu kula ni kumdhulumu. Tukikubali kuwa elimu hii ni fardhi kifaya, basi deni lake ni letu sote, na si haki limwangukie mama mjane kwa bangili za mkononi mwake. Kumpa zaka, mimi binafsi nasita, maana wanavyuoni wa madhehebu yetu wameiruhusu kwa mwenye kushughulika na elimu za sheria, na kuipanua ruhusa hiyo sithubutu peke yangu. Mlango wa sadaka na wakfu lakini u wazi. Wazee wetu waliweka wakfu maduka na minazi kwa ajili ya mafuta ya taa za misikiti. Taa hizo leo ni za umeme.

Mama tumemwandikia asiuze kitu. Alkhamisi baada ya sala ya Isha wanadarsa watakutana juu ya karo ya mwaka wa kwanza, na wenye maduka twawaomba waje na karatasi zao za forodha, kwani kijana ameahidi kuwa kila likizo atakuja kutusomea.

Wallahu aalam.