Sala Iliyofupishwa Mlangoni

Mpendwa, Jumatatu alfajiri nilikuwa stendi nikisubiri basi. Kando yangu mama mmoja alikuwa akimsindikiza binti yake anayerudi shule ya bweni. Mkononi alikuwa na mfuko wa chapati, akiufungua na kuufunga tena kana kwamba kuna kitu amesahau kutia. Basi likapiga honi. Binti akapokea mfuko, akapanda, akaita kutoka dirishani, "Mama, bai!" Basi likaondoka, mama akabaki amesimama palepale, midomo ikichezacheza. Nadhani alikuwa akiomba.

Neno hilo la binti nimekaa nalo juma zima. "Bai" tumeipata kwa Waingereza, na kwao ni kipande tu cha "goodbye". Nayo "goodbye" ilianza ikiwa sala nzima: "God be with ye", yaani Mungu awe nanyi. Watu waliisema kila walipoachana, na kwa kuwa ulimi hupenda njia ya mkato, maneno yale manne yakabanwa yakawa moja. Katika miaka ya 1570 msomi wa Cambridge, Gabriel Harvey, alikwisha kuliandika hivyo, limeshikana. Kisha, kwa kufuata salamu kama "good day" na "good night", jina la Mungu likageuka "good", yaani njema. Sidhani kuna aliyekusudia kumtoa Mungu humo. Ni haraka tu za mlangoni, mwaka hadi mwaka.

Na sisi je? "Kwaheri" yetu ina heri ndani yake, tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Ni mara ngapi tunaitamka tukikumbuka kwamba tunamtakia mtu heri aendako?

Niruhusu nikusimulie jambo langu. Asubuhi moja tulikosana na mke wangu kwa sababu ya pesa ya umeme. Nikachukua begi, nikasema "kwaheri", nikaubamiza mlango. Neno lilikuwa lilelile, ila heri haikuwamo. Nilipofika njia panda, pale kwa muuza maandazi, miguu ikagoma. Nikarudi. Alikuwa bado anafuta meza, akiisugua sehemu moja tu. Nikamwambia, "Mama watoto, nisamehe." Hakusema mengi. Alinimiminia chai iliyobaki kwenye chupa, nikainywa nimesimama, tukaagana upya.

Siku hiyo niliona kwa nini sala hii fupi ni nzito. Utamwombeaje mtu Mungu awe naye, na wewe mwenyewe hutaki kumwona? Msamaha unatangulia, hata ukiwa mchanga, hata ukiwa bado unauma. Nayo sala hii si ya mlangoni tu. Nampenda Boazi wa kitabu cha Ruthu kwa jinsi alivyoitumia. Aliwatakia wavunaji wake Bwana awe pamoja nao wakiwa kazini shambani, katikati ya miganda ya shayiri, nao wakamwombea baraka. Ilikuwa salamu ya siku ya kazi.

Mpendwa, nani ametoka kwako juma hili bila heri? Kesho asubuhi, atakayetangulia kutoka nyumbani mwako, msindikize hadi mlangoni, umwite kwa jina, umwambie taratibu, "Mungu awe nawe." Na kama yuko mliyeachana mkiwa mmenuniana, mpigie simu leo, jua halijazama.